Tathmini ya Kati ya Mradi wa Uvuvi, na Haki ya Watu wa Mwaloni

Ni shughuli chache katika nchi zilizolizunguka Ziwa Viktoria zinazogusa riziki za watu wengi kwa mara moja kama uvuvi. Maana ziwa hili, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ambalo nusu yake hivi imo Tanzania, sehemu kubwa ya nusu iliyobakia imo Uganda, na kipande kidogo kisichozidi sana sehemu 6 katika 100 kimo Kenya, humlisha mvuvi aliyetega wavu, na baria aliyeuvuta, na mama aliyeanika dagaa juu ya mchanga, na fundi wa injini, na mwenye lori lipakialo magunia katika soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza, kwenda Kongo, Rwanda na Burundi, kabla ya kumlisha hata mtu mmoja aliyeketi mezani kumla samaki huyo.

Si ajabu basi kwamba kwa muda wa miaka thelathini hivi ufuo wa ziwa umeshuhudia miradi mingi ya kuuhifadhi uvuvi huo, mmoja ukija baada ya mwingine, kila mmoja na kibao chake kando ya njia iendayo mwaloni, pale vyombo viteremshapo samaki, na jina lake refu, na magari yake, na semina zake. Mradi ukifika nusu ya umri wake, huja wageni wengine wasiokuwa wale waliouleta: watu wawili au watatu, pengine mmoja kutoka ng'ambo na mwenziwe kutoka chuo kikuu cha nchini, wenye madodoso mikononi, ambao huuliza maswali kwa siku chache, kisha wakaondoka. Hao ni watathmini, na shughuli yao huitwa tathmini huru ya kati. Mvuvi aghalabu huwadhani ni sehemu nyingine ya msafara uleule, huwajibu kwa adabu, akarudi kushona wavu wake. Na waliyoyaandika baadaye hayamfikii. Nimekusudia kumweleza msomaji shughuli hiyo ni nini na hufanywaje, na kwa nini naitakidi kwamba matokeo yake ni mali ya watu wa mwaloni kabla ya kuwa mali ya mtu mwingine yeyote.

Mradi wa umma hutazamwa kwa macho ya namna nyingi. Mkaguzi wa hesabu huangalia kama fedha zimetumika kwa njia iliyoidhinishwa na kama stakabadhi zipo; ofisi ya mradi yenyewe hufanya ufuatiliaji, yaani huhesabu kila robo ya mwaka semina zilizofanyika, boti za doria zilizonunuliwa na watu waliohudhuria; na mradi ukishakwisha huja tathmini ya mwisho, ambayo huyasimulia yaliyotokea wakati ambapo hakuna tena liwezalo kugeuzwa. Tathmini ya kati ina daraja lake peke yake, kwa kuwa huja ilhali sehemu kubwa ya fedha ingali haijatumika na miaka kadhaa ingali mbele, hata taksiri ikigunduliwa yaweza kusahihishwa, kazi isiyo na faida ikaachwa, na fedha zake zikaelekezwa kwenye haja ya kweli. Kwa sababu hiyo naiona kuwa ni bora kuliko zote, na kwa sababu hiyohiyo nasikitika kila inapofanywa kama desturi ya kutimiza masharti ya mkataba.

Ama uhuru wake, maana yake ni kwamba mtathmini hakushiriki kuubuni mradi wala kuuendesha, hana mshahara ndani yake, wala hatarajii zabuni nyingine kwa sababu ya sifa atakazoumwagia. Hili ni jepesi kuandikwa kuliko kutendwa, kwani ujira wa mtathmini hutoka kwa mfadhili au kwa wizara, na gari limchukualo kutoka mjini hadi Kayenze au Igombe aghalabu ni la mradi wenyewe, na mtu anayemchagulia mialo ya kutembelea ni ofisa wa mradi huohuo, ambaye hakosi kuwa na mwalo mmoja au miwili apendayo kuionyesha kwa wageni. Mtathmini mwenye insafu huomba orodha ya mialo yote, akachagua mwenyewe kwa kura, na akaenda pia mahali ambapo barabara ni mbaya.

Mizani anayopimia ina historia yake. Mwaka 1991 Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya shirika la OECD, ambalo ni jumuiya ya nchi tajiri, iliafikiana juu ya vigezo vitano ambavyo tangu hapo vimeenea duniani kote: kama mradi unaafiki haja ya wahusika, kama unatimiza madhumuni yake, kama unatumia fedha na wakati bila ya israfu, kama umeleta badiliko la kweli katika maisha, na kama mema yake yatadumu msaada ukishakoma. Mwaka 2019 kiliongezwa kigezo cha sita, kinachouliza kama mradi unapatana na juhudi nyingine zilizopo au unazipinga. Watathmini hupewa hadidu za rejea, yaani mipaka ya yale watakayoyachunguza, na hupewa bango kitita la mradi, jedwali lile ambalo waasisi wake waliandika kabla ya kuanza ni shughuli gani itazaa tokeo gani, na kwa dalili gani itajulikana kuwa limezaliwa. Katika bango kitita ndimo mara nyingi kosa hujificha. Dalili ikiwa ni idadi ya semina, mradi utafanya semina; na mtathmini asiyethubutu kuuliza kama dalili yenyewe ilichaguliwa kwa busara atathibitisha kwamba semina zilifanyika, nayo itakuwa kweli isiyomfaa mtu.

Ziwa hili si geni kwa uchunguzi. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, alilipima ziwa na samaki wake kwa niaba ya serikali za kikoloni, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1929. Wakati huo samaki aliyetegemewa kuliko wote alikuwa ngege, naye alikwisha anza kupungua kwa sababu ya nyavu za kigeni zilizoingia mwanzoni mwa karne. Graham akashauri kwamba nyavu zenye macho chini ya inchi 5 zikatazwe, na miaka michache baadaye shauri lake likawa sheria. Aliandika pia tahadhari ya pili: kwamba kumleta ziwani samaki mkubwa mla samaki wenzake kutoka maji mengine kungekuwa jambo la hatari kubwa pasipo uchunguzi mrefu kwanza.

Yaliyofuata yanamhusu kila mtathmini wa leo. Sheria ya inchi 5 ilivunjwa kila siku, kwa kuwa nyavu ndogo zilileta samaki wengi zaidi na walinzi walikuwa wachache mno. Na ijapokuwa mwaka 1947 iliundwa idara maalumu ya kulisimamia ziwa zima, katikati ya miaka ya 1950 Uganda na Tanganyika ziliifuta sheria hiyo, na Kenya ikafuata miaka michache baadaye. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 sangara, samaki mkubwa mla samaki wenzake, akatiwa ziwani upande wa Uganda. Alipoenea katika Ghuba ya Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwapo hapo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakiwachunguza furu tangu mwaka 1977, nao wakashuhudia kwa macho yao jamii kwa jamii ya samaki wale wadogo wa rangi nyingi wakitoweka katika nyavu zao za uchunguzi. Inakisiwa kwamba katika aina zipatazo 500 za furu waliokuwa ziwani, kiasi cha 200 hawaonekani tena. Ni kweli kwamba sangara alileta pia viwanda vya minofu vya Mwanza katika miaka ya 1990, na ajira, na fedha za kigeni, nami siwezi kuzidharau nyumba zilizojengwa na shule zilizolipiwa kwa samaki huyo. Lakini hoja yangu ni kwamba maarifa yalikuwapo kwa maandishi, yamelipiwa na kuchapishwa, na walioamua hawakuyafuata. Wala mvuvi, aliyeishi na matokeo, hakupata kuambiwa kwamba tahadhari iliwahi kutolewa.

Zama za miradi mikubwa zilianza rasmi baada ya mawaziri wa nchi tatu kutia saini, mwaka 1994 huko Kisumu, mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao yake Jinja. Mwaka 1997 ukaanza Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Viktoria kwa fedha za Benki ya Dunia na mfuko wa mazingira wa dunia, na mwaka huohuo ukaanza mradi wa utafiti wa uvuvi wa Umoja wa Ulaya. Na kuanzia mwaka 2003 ukafuata mradi mwingine wa Umoja wa Ulaya, wa kutekeleza mpango wa usimamizi wa uvuvi, uliotengewa yuro zinazokaribia milioni 30. Tunda lao kubwa ni vile Vikundi vya Ulinzi wa Rasilimali za Uvuvi ambavyo kila mtu wa ziwani huviita BMU. Tanzania ilianza kuviunda mwaka 1998, na katika muda usiozidi miaka kumi vilipita elfu moja katika ziwa zima. Fikra yake ilikuwa njema: kwamba dola haiwezi kuweka mlinzi katika kila ghuba, na kwamba anayeishi mwaloni ndiye ajuaye ni nani aliyetoka usiku na wavu gani, kwa hiyo wavuvi, wamiliki wa mitumbwi, wachuuzi na mafundi wachague kamati yao, ambayo kwa mwongozo uliokubaliwa na nchi zote tatu ilitakiwa iwe na fungu la wenye vyombo, fungu la baria, fungu la wachuuzi, na wanawake wasiopungua watatu.

Sasa tazama jinsi tathmini iwezavyo kutoa hukumu mbili zinazopingana juu ya jambo hilo moja. Mtathmini aliyehesabu vikundi, katiba zake na daftari zake za wanachama, angeandika kwamba mradi umefaulu kupita kiasi. Mwenziwe aliyetazama sensa ya uvuvi, ambayo hufanywa kila baada ya miaka miwili hivi kuzunguka ziwa zima, angeona kwamba wavuvi waliokuwa kama 130,000 mwaka 2000 walikaribia 200,000 mwaka 2006, na kwamba mitumbwi, injini na ndoana ziliongezeka kwa mwendo huohuo au zaidi, yaani mzigo juu ya samaki ulizidi kuwa mzito katika miaka ileile ambayo ulinzi shirikishi ulikuwa ukisifiwa katika taarifa. Hukumu zote mbili zina ithibati. Ya kwanza ni ya tokeo la shughuli, ya pili ni ya hali ya ziwa. Na mradi uliotangaza kwamba umekuja kwa ajili ya ziwa hauna budi kuhukumiwa kwa hali ya ziwa.

Hapa yafaa tushuke mwaloni wenyewe, kwa kuwa mengi yanayoamua thamani ya tathmini ni mambo madogo ambayo hayamo katika hadidu za rejea.

Mwezi wa angani ni mmojawapo. Dagaa, ambaye kwa uzito siku hizi ndiye samaki anayevuliwa kwa wingi kuliko wote ziwani, huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na sasa zimezidi kuwa taa za sola, zinazoelea juu ya maji ili dagaa wakusanyike chini ya mwanga na wavu uwazunguke. Mwezi ukipevuka taa hushindwa nguvu, na kambi hupumzika: nyavu hushonwa, mitumbwi huzibwa, baria huvuka kwenda Ukerewe au Sengerema kuwaona watoto wao. Mtathmini aliyepangiwa safari na ofisi ya mbali, akashuka kisiwani katika siku hizo za mbalamwezi, atakuta mitumbwi imelala kifudifudi na wazee wakicheza bao, naye ataandika, kwa moyo safi kabisa, kwamba shughuli za uvuvi zimepungua.

Kisha kuna swali la nani aulizwe, na mbele ya nani. Kwa desturi kikao huitishwa katika banda la mwalo, mwenyekiti wa BMU akaketi mbele na daftari lake, matajiri wenye vyombo wakakalia viti vya plastiki, baria wakasimama nyuma wakiegemea nguzo, na wanawake wakabaki juani kwenye chanja zao, kwa kuwa dagaa hawangoji kikao kwisha. Baria hulipwa kwa fungu la mavuno, na fungu hilo hugawiwa na tajiri aliye mbele yake. Atasemaje basi, wakiwa wamekaa hivyo, kwamba wavu haramu anaoutumia kila usiku alipewa na bwana huyo? Na mama mchuuzi atasemaje, mbele ya wanaume wanaomuuzia au kumnyima samaki, habari ya masharti ya aibu ambayo katika baadhi ya kambi mwanamke huwekewa ili apate samaki wa kuuza? Mtathmini anayetaka kweli humfuata baria mahali anaposhona wavu, au kwenye kibanda cha mama ntilie saa ya chai. Na huwaendea wanawake palepale chanjani, akiandamana na mwanamke mwenziwao, akauliza huku mikono yao ikiendelea kugeuza dagaa. Huko atajua mambo ambayo bango kitita halikuyataja: kwamba msimu wa mvua dagaa walioanikwa chini huoza au hubeba mchanga, wakauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, kwamba chanja za mfano zilizojengwa na mradi hazikutosha hata robo ya wanaohitaji, na kwamba kila gunia linalookolewa kutokana na mvua huongeza riziki pasipo kumwongezea samaki wa ziwani adui hata mmoja. Kwa rai yangu hakuna senti katika miradi hii inayotumika vizuri kuliko ile inayokwenda kwenye chanja, nayo huwekwa daima katika kurasa za nyuma.

Yako pia maswali yasiyohitaji dodoso refu. Muulize mwenye mtumbwi wa sangara: miaka mitano iliyopita ulikuwa ukienda umbali gani, na leo unakwenda wapi, ulikuwa ukitia lita ngapi za petroli, na leo unatia ngapi, ulikuwa na ndoana au vipande vingapi vya nyavu, na leo vingapi? Jumla ya samaki wanaoteremshwa mwaloni yaweza kubaki palepale miaka na miaka, ilhali kila mtumbwi unapata kidogo na kwenda mbali zaidi. Na mtu anayetazama jumla peke yake hataiona hatari mpaka iwe imekwisha fika. Samaki kwa kila chombo kwa kila usiku ndicho kipimo kisemacho kweli, na wavuvi wanakijua kwa kichwa kwa sababu ndicho kinacholipa ada za shule.

Ama nyavu, sheria ya Tanzania inataka jicho la wavu wa sangara lisipungue inchi 6, na la wavu wa dagaa lisipungue milimita 8, na imekataza kabisa makokoro na nyavu za timba. Jicho hupimwa kwa kuunyoosha wavu na kuweka rula kutoka fundo hadi fundo. Lakini wavu unaoletwa mbele ya mgeni si lazima uwe ule unaokwenda majini usiku, kwa hiyo mtathmini hodari huuacha wavu na kumpima samaki. Sangara wa kiwandani hutakiwa afike sentimita 50; wale wafupi kuliko hapo hawapelekwi kiwandani, hupelekwa kwenye matanuri ya kubanikia na mapipa ya chumvi, na huko, alfajiri, rula ya mtathmini humpa habari ambazo hakuna mwenyekiti angempa.

Dalili zenyewe nazo huhitaji tafsiri ya hadhari. Mwaka 2018 Wizara ya Mifugo na Uvuvi iliendesha Operesheni Sangara kuzunguka ziwa. Nyavu haramu zikachomwa moto hadharani, faini nzito zikatozwa, na malalamiko ya watu wa ziwani yakafika Bungeni. Tuseme mradi umeweka katika bango kitita lake kwamba dalili ya ulinzi bora ni wingi wa nyavu haramu zilizokamatwa. Nyavu zikikamatwa nyingi, je, ni kwa sababu ulinzi umeimarika, au ni kwa sababu uhalifu umezidi? Zikikamatwa chache mwaka unaofuata, je, wavuvi wametii, au walinzi wamechoka, au wameshikishwa kitu? Namba ile ile hubeba maana zote hizo, na hakuna njia ya kuzitenga isipokuwa kuwasikiliza watu na kuwapima samaki. Tena kuna uzito wa moyo ambao namba haziubebi kabisa: mjumbe wa BMU anayetakiwa kumkamata mvuvi haramu aghalabu anatakiwa kumkamata shemeji yake, au mtu aliyemkopesha unga mwezi uliopita, katika mwalo ambao wote watazikana. Anayemlaumu mjumbe huyo kwa woga na ajiulize angefanya nini yeye, bila mshahara, bila boti, na bila askari wa kumlinda usiku unaofuata.

Taabu nyingine ya mtathmini ni kujua lipi limeletwa na mradi na lipi limeletwa na Mungu au na soko. Kati ya Januari na Machi hivi maji ya ziwa hujipanga kwa matabaka, ya juu yenye joto na ya chini yaliyopungukiwa na oksijeni, na samaki huhama. Ifikapo Juni na Julai pepo za kusini-mashariki huyakoroga tena yakawa mamoja. Anayelinganisha mavuno ya Februari kabla ya mradi na mavuno ya Julai baada ya mradi analinganisha pepo. Kadhalika Mei 2020 maji ya ziwa yalipanda yakapita kimo kilichoandikwa mwaka 1964, yakafunika mialo, mabanda na mashamba ya kandokando. Mradi uliokuwa umejenga ghati au chanja katika miaka hiyo haukuweza kuhukumiwa kwa haki bila kulitaja jambo hilo. Dawa iliyopo ni kuitazama pia mialo ambayo mradi haukuigusa, iliyofanana na ile iliyoguswa hapo mwanzo, na kuuliza kama ile iliyoguswa imekwenda mbele kuliko ile isiyoguswa. Ni dawa ya gharama, na kwa kuwa ni ya gharama hukatwa katika bajeti kabla ya nyingine.

Lakini swali ambalo ningelitanguliza kuliko yote, lau ningeulizwa, ni lile la kudumu. Mafuta ya boti ya doria, posho za walinzi, karatasi za daftari la BMU, vyote vilitoka katika mifuko ya miradi. Na miradi ilipokunja majamvi yake vikundi vingi vilibaki na muhuri na mwenyekiti, bila lita moja ya petroli. Pwani ya Bahari ya Hindi, ambako kuanzia mwaka 2005 uliendeshwa mradi mkubwa wa mazingira ya bahari, kamati za vijiji zimekabiliwa na swali hilohilo. Lilipaswa kuulizwa katikati ya safari, wakati ambapo halmashauri na wizara zingeweza bado kukubaliana ni sehemu gani ya ushuru wa samaki irudi mwaloni kulinda samaki hao. Likiulizwa katika tathmini ya mwisho huwa ni maombolezo tu. Na leo, serikali ikiwa imeingia katika mpango mwingine wa kuwakopesha wavuvi boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki, ambavyo Rais Samia Suluhu Hassan alivikabidhi Mwanza Januari 2024, swali linastahili kuulizwa mapema: kizimba kinapopasuka au chakula cha samaki kinapopanda bei, ni nani atakayebeba deni, na je, boti mpya imempunguzia sangara wa porini mzigo au imemwongezea?

Nije kwenye taarifa yenyewe. Tathmini ya kati ikimalizika huandikwa kwa Kiingereza, kurasa nyingi pamoja na viambatisho, ikasomwa katika hoteli ya mjini mbele ya wafadhili na wakuu wa idara, na ofisi ya mradi ikapewa muda wa kuandika majibu: pendekezo hili tumelikubali, hili tumelikubali kwa sehemu, hili tumelikataa. Utaratibu huo ni mzuri, nami siupingi. Ninachokipinga ni kwamba unakomea hapo. Taasisi yetu ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo chake Mwanza, na chuo cha uvuvi kipo Nyegezi; katika sehemu hizo hawakosekani watu wawezao kuziweka kurasa hizo katika Kiswahili cha kueleweka, kwa gharama isiyofika hata bei ya injini moja ya boti. Hadidu za rejea za kila tathmini zingeweza kuagiza hivyo tangu mwanzo, na kuagiza pia kwamba watathmini warudi, walau katika baadhi ya mialo waliyoitembelea, wakaisome taarifa katika mkutano mkuu wa BMU, mchana wa siku za mbalamwezi ambapo kambi nzima ipo nchi kavu.

Watasomewa makosa ya mradi, na watasomewa makosa yao wenyewe pia: kwamba kamati fulani haijaitisha uchaguzi, kwamba viti vya wanawake vinakaliwa na majina yasiyo na watu, kwamba matanuri yamejaa sangara wa sentimita 30. Watabisha, na kubisha kwao kuandikwe, kwa kuwa huenda mtathmini alikosea, naye ana haki ya kusahihishwa na waliomlisha habari. Na pale ambapo ofisi ya mradi imelikataa pendekezo, sababu ya kulikataa isomwe katika kikao hichohicho na ofisa aliyeiandika, kabla fedha za nusu ya pili hazijapigiwa kura, ili yule baria aliyesema kibandani kwamba sasa wanatia lita mara mbili kuwapata samaki nusu apate kumuuliza ana kwa ana ni kwa nini neno lake limewekwa kando.